Kufukuza wageni wasio na karatasi kwa wingi: inawezekana? Ni haki?

Habari ya Wakongomani kufukuzwa Angola inapotoka ku redio, mara nyingi mtu mmoja anasema mambo mawili kwa siku ile ile. Asubuhi anakasirika: "Wametendea ndugu zetu kama nyama ya pori." Mangaribi, akiona duka la mgeni linauza kuliko lake, anasema: "Na sisi tufukuze hawa wote, warudi kwao."

Maneno yale mawili yanagusa swali moja, na si swali la Kongo peke yake. Inchi tajiri na inchi maskini zote zinaliuliza: serikali inaweza kuondoa kwa mara moja wageni wote wasio na karatasi? Na hata kama inaweza, ni haki? Makala haya yanaeleza swali hilo kwa mifano ambayo watu wa huku wanaijua: Angola, Brazzaville, na Kongo yenyewe, juu Kongo nayo imeshafukuza watu.

Mtu "bila karatasi" ni nani?

Ku midomo ya watu, "bila karatasi" ni kundi moja. Kwa kweli ni watu wa namna nyingi. Kuko yule aliyevuka mpaka usiku kwa njia ya pori. Kuko yule aliyeingia vizuri na paspoti na viza, kisha viza ikaisha na hakuwa na pesa ya kulipa ingine. Kuko mtoto aliyezaliwa kule kule, wazazi hawakumwandikisha, leo ana miaka 20 na hajaona inchi ingine. Kuko mkimbizi wa vita ambaye kadi yake ilipotea. Na kuko raia kabisa wa ile inchi ambaye hajapata kitambulisho hata siku moja.

Huyu wa mwisho Wakongomani wanamjua vizuri. Kwa miaka mingi, kadi ya uchaguzi ndiyo ilikuwa kitambulisho cha mtu katika Kongo. Asiyejiandikisha, ao aliyeipoteza, aliweza kuishi miaka katika inchi yake mwenyewe bila kitu cha kuonyesha. Watoto wengi hawana cheti cha kuzaliwa. Kwa hiyo mtu akisema "tutaangalia karatasi tu", kwanza ajiulize: mwenye inchi ataonyesha nini?

Sheria inatendea kila mmoja wa watu hawa kwa namna yake. Wa kwanza anaweza kurudishwa. Wa pili anaweza kulipa faini na kutengeneza viza. Mkimbizi hakuna ruhusa ya kumrudisha mahali anapoweza kuuawa. Raia hafukuzwi kamwe. Lakini wakisimama barabarani mstari mmoja, hawana alama ku paji la uso. Kuwatofautisha kunaomba kitu kimoja: mtu akae nao, mmoja mmoja, awasikilize.

Angola: operesheni inayorudi

Kongo na Angola wana mpaka wa zaidi ya kilometa 2,500, toka upande wa bahari mpaka kule Dilolo, katika Lualaba. Katikati, upande wa Angola, kuko mkoa wa Lunda Norte, mahali pa almasi. Wakongomani wengi walienda kule kuchimba, kuuza chakula na kununua mawe, hata wakati wa vita ya Angola.

Vita ile iliisha mwaka wa 2002. Mwisho wa 2003, serikali ya Luanda ilianzisha operesheni iliyoitwa Brilhante ili kuondoa wachimbaji wageni. Makumi ya maelfu ya Wakongomani walirudishwa. Kisha wengi walivuka tena.

Mwaka wa 2009 Angola ilifukuza tena. Mara hii Kinshasa ilijibu: Waangola waliokuwa wanaishi Kongo, zaidi katika Bas-Congo, wakafukuzwa nao. Makumi ya maelfu walitupwa ku mpaka ndani ya siku chache, wakalala katika kambi za haraka kule mikoa ya Zaire na Uíge. Wengi wao walikuwa wakimbizi wa zamani na watoto wao, watu ambao maisha yao yote yalikuwa Kongo. Hawakuchimba almasi, hawakufukuza mtu. Walilipa deni ya serikali ya Luanda. Tarehe 13 Oktoba 2009, serikali zote mbili zilikubaliana kusimamisha.

Mwisho wa Septemba 2018, chini ya Rais João Lourenço, Angola ilianzisha Operesheni Transparência, juu ya kupiga vita biashara ya almasi isiyo halali. Ndani ya wiki chache, watu zaidi ya 300,000 walivuka kuingia Kongo, wengi kwa Kamako katika Kasaï, wengine kwa Kasaï-Central na Kwango. Wengi walitembea kwa miguu siku nyingi, na wamama wakibeba watoto ku mgongo. Umoja wa Mataifa ulipokea masimulizi ya watu waliopigwa, waliochomewa nyumba na kunyang'anywa vitu, na ya wamama waliobakwa. Serikali ya Angola ilikataa, ikasema wengi waliondoka kwa mapenzi yao.

Walifika wapi? Katika Kasaï, mahali palipotoka ku vita ya Kamuina Nsapu ya 2016 na 2017, ambapo vijiji vilichomwa na watu zaidi ya milioni moja walikimbia nyumba zao. Baadhi ya waliorudishwa walikuwa wamekimbia vita ile ile.

Je, ilimaliza shida? Almasi bado iko kule. Mpaka bado ni mrefu. Watu walirudi kuvuka, na baada ya 2018 Kamako iliendelea kupokea waliofukuzwa. Operesheni kubwa tatu kwa miaka 15, na kazi ilibaki pale pale.

Brazzaville, 2014

Mwezi wa Aprili 2014, polisi ya Kongo-Brazzaville ilianza operesheni kwa jina la Mbata ya Bakolo, maana yake kwa Lingala ni "kofi la wakubwa". Sababu iliyotolewa ilikuwa wizi na mauaji ya vijana wa makundi, wale wanaoitwa kuluna. Watu wa Brazzaville waliteseka kweli na makundi yale, hakuna haja ya kuficha.

Lakini walioshuka ku Beach Ngobila, Kinshasa, hawakuwa kuluna peke yao. Walikuwa wafundi wa nyumba, wauza mboga, wapishi, wanafunzi, wamama wenye mimba. Shirika la Amnesty International lilihesabu zaidi ya watu 170,000, na kati yao kulikuwa wakimbizi na watu waliokuwa na karatasi za kukaa. Operesheni ilianza kwa kutafuta wahalifu mamia, ikamaliza kwa kufunga nyumba za watu elfu na elfu.

Hesabu inasema nini?

Tuseme serikali inataka kufanya kazi hii vizuri, kwa haki, kwa haraka ile ile ya Angola: watu 300,000 kwa mwezi mmoja. Ni watu 10,000 kila siku, hata siku ya Mungu. Tuseme kila mtu anapewa nusu saa tu ya kusikilizwa: unaitwa nani, uliingia lini, una bibi ao bwana raia, uko mkimbizi, uko na nini cha kuonyesha. Mtumishi mmoja akifanya saa 8 bila kupumzika, atasikiliza watu 16. Ili kusikiliza 10,000, wanahitajika watumishi 625 kila siku, wenye kujua lugha ya wale wanaowasikiliza. Hapo hatujahesabu wakalimani, maavoka, chakula, mahali pa kulala, na malori. Kama lori moja linabeba watu 80, ni malori 125 kila siku.

Wengine watajibu: "Ile ni shida ya inchi maskini. Inchi tajiri itaweza." Tuangalie Marekani, inchi yenye pesa kuliko zote. Kwa muda mrefu watu wasio na karatasi kule walihesabiwa karibu milioni 11. Mwaka wa 2012, hesabu ya walioondolewa ilifika karibu 410,000, na wakati ule ilikuwa kubwa kuliko miaka yote iliyotangulia. Kwa mwendo ule, kuondoa milioni 11 kungechukua zaidi ya miaka 26, na hapo ni kama hakuna mgeni mpya anayeingia. Juu ya nini polepole vile? Moja ya sababu ni kwamba watu wengi wana haki ya kufika mbele ya hakimu, na mwaka wa 2024 mafaili yaliyokuwa yanangoja katika mahakama zao za uhamiaji yalizidi milioni 3.

Hapa ndipo swali la "inawezekana?" na swali la "ni haki?" yanakuwa swali moja. Kusikiliza mtu mmoja mmoja ndiyo kunachukua wakati na pesa. Serikali inayotaka kwenda mbio inakata pale kwanza. Angola iliweza kwa wiki chache juu watu hawakusikilizwa.

Bila kusikiliza, kinabaki nini?

Kinabaki kuangalia sura, kusikia lugha, kuuliza jirani. Askari ku barabara hana wakati wa kusoma cheti. Anasikia namna mtu anavyosema Kireno. Lakini Wachokwe wako Angola, wako Kongo, wako Zambia. Jina moja, lugha moja. Kuko pia Waangola waliokulia Kinshasa wakati wa vita, wanaosema Lingala na Kifaransa kuliko Kireno. Ukifukuza kwa lugha, hao nao wanakuwa "Wakongomani".

Kesi moja inaonyesha wazi. Mwaka wa 2004 Angola ilikamata Wagambia katika maeneo ya almasi. Kumi na wanne kati yao walipeleka mashitaka yao mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu. Watu wale walikuwa na karatasi halali za kukaa na kufanya kazi. Haikuwasaidia kitu: walifungwa, wakanyang'anywa vitu, wakafukuzwa. Mwaka wa 2008 Tume ikasema Angola ilivunja haki zao.

Katanga nayo ina kumbukumbu yake. Mwaka wa 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasaï walifukuzwa Likasi, Kolwezi na miji mingine. Familia zililala ku gari ya moshi wiki na wiki wakingoja treni, watoto wakafa pale. Wale walikuwa raia wa Zaire. Wengi walizaliwa Katanga, baba zao waliletwa kufanya kazi katika migodi na ku reli. Hakuna mpaka waliovuka bila ruhusa. Neno "warudi kwao" halikuhitaji karatasi ili kufanya kazi; lilihitaji jina la familia na lugha ya nyumbani. Kesi ile si sawa na ya wageni kwa sheria. Lakini namna ya kuchagua watu ilikuwa ile ile.

Sheria inasema nini?

Kila serikali ina haki ya kulinda mpaka wake na kumwondoa mgeni asiye na ruhusa ya kukaa. Hakuna sheria ya kimataifa inayokataa vile. Katika Kongo, kazi hiyo iko mikononi mwa DGM, na sheria ya wageni ni ya tarehe 12 Septemba 1983.

Lakini Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ambao Kongo, Angola na Kongo-Brazzaville wameukubali, unaweka mipaka miwili katika kifungu cha 12. Kwanza, mgeni aliyeingia kihalali hawezi kufukuzwa bila uamuzi unaofuata sheria. Pili, kufukuza wageni kwa wingi kumekatazwa, na maana yake ni kufukuza kunakolenga watu kwa sababu ya inchi yao, rangi yao, kabila ao dini yao.

Je, mpaka huo wa pili unamlinda hata asiye na karatasi? Tume ya Afrika ilijibu katika kesi ya jirani yetu. Mwaka wa 1992 Zambia ilifukuza watu 517 wa Afrika ya Magharibi, ikisema walikuwa inchini bila halali. Tume ikaamua mwaka wa 1996 kwamba Zambia ilikosa: watu wale hawakupewa nafasi ya kujitetea mbele ya hakimu. Mwaka uliofuata, katika kesi ya watu wa Afrika ya Magharibi waliofukuzwa Angola, Tume ilikubali kwamba serikali za Afrika zina shida nyingi za uchumi na zinaweza kuchukua hatua juu ya wageni, lakini hatua hizo haziwezi kufuta haki za watu.

Kongo yenyewe imeshahukumiwa. Ahmadou Sadio Diallo, mfanyabiashara wa Guinea, aliishi Kinshasa miaka 32. Kampani zake zilikuwa zinadai deni kwa serikali na kwa kampani za mafuta. Alikamatwa Novemba 1995, na tarehe 31 Januari 1996 akapandishwa ndege na kufukuzwa. Karatasi aliyopewa ilisema "refoulement", neno la kumrudisha mtu asiye na ruhusa ya kukaa, ambalo kwa sheria ya Kongo halina nafasi ya kukata rufaa. Mwaka wa 2010, Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule La Haye ilisema Kongo ilivunja haki zake, na haikufuata hata sheria yake ya 1983: uamuzi ulitiwa sahihi na Waziri Mkuu mahali pa Rais, Tume ya Uhamiaji haikuulizwa, na hakuna sababu iliyoelezwa. Mwaka wa 2012 mahakama ikaiamuru Kongo kulipa dola 95,000. Makosa ile yote ilitokea juu ya mtu mmoja, mwenye faili na maavoka, na Guinea nyuma yake.

Wanaounga mkono wana sababu gani?

Wana sababu, na lazima zisikilizwe. Wanasema mtu aliyelipa viza na kungoja anajisikia mjinga akiona mwingine anaingia bure. Wanasema biashara ya kuvusha almasi inaibia Angola pesa za hospitali na masomo. Wanasema wahalifu wanajificha kati ya watu wema. Yote hayo ni kweli mahali na mahali.

Lakini kila moja ina dawa yake. Mhalifu anatafutwa kwa kosa lake, anahukumiwa, kisha anaweza kufukuzwa kwa jina lake. Biashara ya almasi inasimamishwa kwa kufuata mnunuzi pia; bila mnunuzi, mchimbaji hana sababu ya kuvuka mto. Na mwenye kulipa viza anapata haki pale viza inapokuwa na bei ambayo mtu wa kawaida anaweza, na ofisi isiyoomba "ya kahawa". Watu wa mipaka ya mashariki, kama Uvira, wanajua jeton, kikaratasi cha bei ndogo cha kuvuka kufanya soko na kurudi. Ni kitu kidogo, lakini mtu mwenye jeton anajulikana, hana haja ya kupita pori.

Mtu akikamatwa afanye nini?

Biashara ya Kasumbalesa, Dilolo na Kamako haitasimama, na watu wataendelea kuvuka. Haya yanaweza kusaidia.

Kabla ya kusafiri, acha kopi ya kila karatasi kwa ndugu nyumbani, ao piga picha na kuituma ku simu yake.

Ukikamatwa, omba kuambiwa sababu, na omba ubalozi ao konsula ya inchi yako ijulishwe. Kama uko mkimbizi ao unaogopa kuuawa kule unakopelekwa, sema hivyo wazi, mara moja, na urudilie kusema kwa kila mkubwa mpya. Kama una mtoto ambaye hauko naye wakati ule, sema jina lake na mahali aliko.

Ukifika ku mpaka, andikisha jina lako kwa watu wa DGM ao Msalaba Mwekundu, na utaje tarehe, mahali ulipokamatwa, na vitu vilivyonyang'anywa. Mama aliyebakwa aende ku hospitali mbele ya saa 72 kupita, juu kuko dawa za kuzuia SIDA ambazo baada ya pale hazina nguvu, na dawa za kuzuia mimba ambazo zinaweza kusaidia mpaka siku tano, lakini zina nguvu zaidi zikichukuliwa mapema.

Na kwa yule anayetaka Kongo ifukuze nayo: aulize kwanza DGM ya mji wake ina watumishi wangapi wa kusikiliza watu, na kwa siku moja wanaweza kusikiliza wangapi.